Matunda ya shira: kuyapika yakabaki mazima, na bakuli la kuyaandalia

Mapeasi ya Lushoto yakishuka Tanga mjini, wanunuzi wengi huyabonyeza, wakayaona magumu, wakayarudisha kwenye ndoo. Mimi huyachagua kwa ugumu huohuo. Peasi laini ni la kula likiwa bichi, papo hapo. Lile gumu, lenye chembechembe kama mchanga ulimini, ndilo linalovumilia moto nusu saa nzima na bado likatoka na umbo lake, mpaka kikonyo chake.

Matunda ya shira si jamu. Kwenye jamu tunda husagika na kupotea ndani ya sukari. Hapa tunda ndilo linaloliwa, na shira ipo kulipikia, kulilazia na kulisindikiza mezani. Wafaransa huita chakula hiki compote, neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya vitu vilivyowekwa pamoja. Warusi na majirani zao huyachemsha matunda kwa maji mengi wakanywa ule mchuzi wake, wakauita kompot. Waturuki wana hoşaf ya matunda makavu, na jina lake lina asili ya Kiajemi, "maji mazuri". Sisi watu wa pwani shira tunaijua zaidi kwa kaimati, lakini anayeweza kupika shira ya kaimati amekwishafika nusu ya safari hii.

Kuna mambo matatu ambayo huwa siyalegezi: shira ianze nyepesi, moto uwe mdogo, na tunda lipate muda wa kulala ndani ya shira baada ya kuiva. Anayeharibikiwa, mara nyingi ameruka la tatu.

Sufuria na vifaa

Sufuria zetu nyingi za sokoni ni za alumini. Kwa wali hazina neno, lakini matunda yana uchachu, na shira yenye ndimu ikikaa humo hupata ladha ya chuma na rangi hafifu ya kijivu. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya bati lililopakwa rangi ngumu inayong'aa, mradi ndani haijachubuka. Ikiwa ya alumini ndiyo pekee uliyo nayo, pikia humo kisha uhamishie matunda na shira kwenye bakuli la kioo au la udongo mara moto ukishapungua. Usilaze humo.

Sufuria iwe pana kuliko ilivyo ndefu, ili matunda yakae safu moja au mbili. Yakirundikana, ya chini hupondeka kabla ya ya juu hayajaiva. Utahitaji pia kisu kidogo kikali, kijiko cha chai chenye ncha nyembamba cha kutolea mbegu, kijiti cha meno cha kupimia uivaji, chujio, na karatasi ya kuokea iliyokatwa duara la ukubwa wa mdomo wa sufuria, na tundu dogo katikati. Karatasi hiyo hulazwa juu ya matunda yakiwa jikoni. Tunda lililochomoza nje ya shira hubadilika rangi na kuiva upande mmoja, na kifuniko cha kawaida hakilishushi. Karatasi hulishusha.

Shira

Kikombe ninachopimia ni cha mililita 250, na kikijaa sukari nyeupe huwa na takriban gramu 200.

Kwa matunda matamu kama nanasi lililoiva au embe, kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 3 vya maji kinatosha. Kwa mapeasi na mapera, kikombe 1 kwa vikombe 2. Kwa plamu kali, kikombe 1 kwa kimoja na nusu. Mimi sizidishi hapo. Wapo wanaoanza na shira nzito ya kaimati wakidhani tunda litanoga zaidi. Matokeo yake ni kinyume: sukari nyingi iliyo nje huvuta maji yaliyo ndani ya tunda, tunda likasinyaa na kuwa gumu kama ngozi kabla ya utamu kuingia. Na ukilichemsha kwa maji matupu bila sukari, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya tunda huyeyuka, ukapata uji. Shira nyepesi iko katikati: sukari huchelewesha kulainika kiasi cha kulinda umbo, na maji bado yapo ya kuivishia. Tone la ndimu husaidia kazi hiyohiyo, na huzuia tunda lililomenywa lisiwe la kahawia.

Mimina maji na sukari pamoja, moto wa kiasi, ukikoroga mpaka chembe ziishe. Ikichemka, engua povu. Viungo viingie hapa: mdalasini, iliki iliyopasuliwa, karafuu. Karafuu nakuomba uzihesabu. Nne kwa lita moja zinatosha. Kumi zitafunika peasi lote, na anayekula atakumbuka dawa ya jino.

Mapeasi, hatua kwa hatua

Andaa kilo 1 ya mapeasi magumu, vikombe 4 vya maji, vikombe 2 vya sukari, ndimu 1 kubwa, kijiti 1 cha mdalasini, iliki 5 na karafuu 4.

1. Pika shira kama nilivyoeleza, kisha punguza moto iwe inatokota kidogo tu.

2. Menya mapeasi moja moja kutoka juu kwenda chini, ukiacha kikonyo. Lililomenywa litumbukize mara moja kwenye bakuli la maji yenye nusu ya ile ndimu. Ukitaka kuyapasua nusu, toa moyo wake kwa kijiko. Ukiyapika mazima, toa moyo kwa kuchimba kutoka chini na ukate kitako kidogo ili lisimame mezani.

3. Yahamishie kwenye shira, kamulia nusu ya ndimu iliyobaki, lalia karatasi juu. Shira iyafunike. Ikipungua ongeza maji ya moto, si ya baridi.

4. Acha kwenye moto mdogo. Uso wa shira uwe na viputo vichache vinavyopanda kwenye kingo, si mchemko wa fujo. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa mpaka yabaki machache, na mengine yafunike jivu. Mchemko mkali huyagonganisha matunda na kuyachubua.

5. Baada ya dakika 20 choma kijiti sehemu nene kuliko zote. Kikiingia kwa kusukumwa kidogo, yamekaribia. Kikiingia chenyewe, yameiva. Mapeasi yetu ya milimani huchukua dakika 25 hadi 40, na katika sufuria moja hayaivi kwa wakati mmoja, kwa hiyo yatoe kadiri yanavyoiva.

6. Sasa kulaza. Zima moto, rudisha yote kwenye shira, acha yapoe humo humo, kisha yaingie kwenye friji usiku mzima na shira yake. Tunda likitoka motoni huwa tamu nje tu. Kadiri linavyopoa na kukaa, shira hupenya mpaka moyoni, na nyama yake hugeuka kutoka nyeupe ya chaki kuwa kama kioo chenye ukungu. Kwa macho utaona tofauti, na kwa ulimi zaidi. Kama huna friji, pika asubuhi, yalale mpaka jioni yakiwa yamefunikwa, yaliwe siku hiyohiyo.

7. Siku ya pili toa matunda kwa kijiko chenye matundu. Shira iliyobaki ichuje, irudishe motoni peke yake, ichemke mpaka ibaki nusu yake na ishike mgongo wa kijiko. Ipoze kabisa ndipo uimwagie juu ya matunda. Hapa ndipo shira inapopata uzito wake, na tunda halidhuriki kwa kuwa limekwisha shiba.

Mapera

Nikiambiwa nibaki na tunda moja tu la shira, nitabaki na pera. Harufu yake hujaza nyumba, na lina kitu ambacho peasi halina: gundi ya kutosha ya kuifanya shira iwe nzito bila kuichemsha sana.

Chagua yaliyoanza kuwa ya manjano lakini hayajalegea. Yenye nyama nyekundu yana rangi nzuri zaidi mezani. Menya ganda jembamba sana, pasua nusu, toa mbegu zote kwa kijiko ubaki na vikombe vidogo vya nyama. Mbegu usizitupe! Zichemshe na kikombe kimoja cha maji dakika 10, kisha zisukume kwenye chujio kwa mgongo wa mwiko. Utapata maji mazito yenye rangi ya waridi. Hayo ndiyo sehemu ya maji ya shira yako. Vikombe vya mapera hupikwa dakika 8 hadi 12 tu, kisha hulazwa kama mapeasi. Iliki inaelewana nayo. Mdalasini mimi huuacha.

Wacuba nao hupika vikombe vya mapera kwa shira, wakavila pamoja na kipande cha jibini nyeupe. Nilipojaribu kwa mtindi mzito usiotiwa sukari nilielewa kwa nini: utamu ule unataka kitu chenye chumvi au uchachu pembeni.

Nanasi

Hapa maji matupu ni hasara. Osha nanasi kwa brashi kabla ya kulimenya, kisha maganda na ule mti mgumu wa katikati uvichemshe na lita 1 ya maji na kipande cha tangawizi kwa dakika 20. Chuja. Ndiyo maji ya shira. Sukari kikombe 1 tu kwa nanasi lililoiva vizuri. Vipande vinene vya upana wa kidole hupikwa dakika 10 na kulazwa saa chache.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana likichanganywa na maziwa likakaa, maziwa huwa machungu. Moto huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo anayetaka kuandaa nanasi na kastadi au mtindi, alipike kwanza mpaka katikati ya kipande pawe pamepata moto.

Mengineyo

Plamu hupikwa na ganda lake, kwa kuwa sehemu kubwa ya rangi nyekundu iko gandani. Lichanje mstari mmoja ili lisipasuke ovyo. Dakika 5 hadi 8, zima moto kabla hujadhani yameiva, joto la shira litamalizia. Pichi litumbukize kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na ganda litavuka lenyewe. Embe liwe gumu, limeanza tu kupata rangi, na lisiwe la nyuzi nyingi, dakika 5. Papai lililoiva na tikiti sipiki kabisa. Ndizi mbivu ina mahali pake, nalo ni tui la nazi.

Matunda makavu yanastahili kupendwa zaidi, hasa mwezi wa Ramadhani. Misri wana khoshaf, ambayo huwekwa mezani wakati wa kufuturu: zabibu kavu, aprikoti, tini na plamu kavu zilizolowekwa mpaka zikavimba. Sisi tende tunazo siku zote. Osha gramu 400 za mchanganyiko wa makavu, uzimwagie maji ya moto mpaka yazifunike kwa vidole viwili, ongeza ganda la chungwa na iliki tatu, funika mpaka siku ya pili. Mara nyingi sukari haihitajiki, kwani matunda hujitolea shira yake. Kama aprikoti bado ni ngumu, moto mdogo wa dakika 10 unatosha. Tende ziingie mwisho, la sivyo huyeyuka. Matone machache ya maji ya waridi ukishapoza, si kabla, maana moto huondoa harufu.

Kuhifadhi

Kwenye friji, ndani ya chombo cha kioo chenye kifuniko na shira ikifunika matunda, hesabu wiki moja. Tumia kijiko kikavu na safi kila unapochota.

Wanaotaka kuweka kwa miezi watumie chupa za kioo za nusu lita zenye vifuniko vipya vya kukaza. Jaza peasi, pichi, plamu au nanasi likiwa la moto pamoja na shira ya moto, acha nafasi ya zaidi kidogo ya sentimita 1 juu, toa viputo kwa kijiti, funga. Chupa zizame kabisa kwenye sufuria ndefu ya maji yanayochemka, zikalie kitambaa chini zisigonge. Kwa mapeasi pwani ni dakika 20. Lushoto au Nairobi ni dakika 30, kwa sababu mlimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na chakula hupata joto pungufu. Mapeasi tia ndimu bila kukosa. Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba, au iliyotoa povu ilipofunguliwa, itupwe bila kuonjwa.

Bakuli

Nimeona matunda yaliyopikwa kwa uangalifu yakiandaliwa kwenye sahani bapa ya wali. Shira ikakimbilia ukingoni, matunda yakabaki makavu juu kama yaliyosahaulika. Chakula hiki hakiwezi kuachana na chombo chake. Waingereza na Wamarekani walifika mahali neno compote wakalitumia kwa chakula na kwa bakuli lenye mguu linalokibeba. Wafaransa walilipa bakuli jina lake, compotier, na katika karne ya 18 kiwanda cha kauri cha Sèvres, karibu na Paris, kiliyatengeneza ya duara, ya mraba, na hata ya umbo la kombe la baharini, yakapangwa kwenye meza za wafalme sehemu ya mwisho ya mlo.

Pwani yetu haikuwa nyuma katika kuthamini bakuli. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vijumba vilivyochongwa ukutani, na humo zilipangwa kauri kutoka China. Makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na kaburi la nguzo la Mambrui, karibu na Malindi, yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya China yaliyopachikwa kwenye chokaa. Baadaye Zanzibar ilipokea mabakuli yenye maua ya kuchorwa kutoka Maastricht, Uholanzi. Ukiwa umerithi mojawapo, litunze, lakini usilitie matunda ya shira. Vyombo vya zamani vyenye rangi juu ya mng'aro wake vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na uchachu wa matunda huyatoa. Mahali pake ni kidaka.

La kuandalia nachagua hivi. Kina kiwe cha vidole vinne, ili shira ifike nusu ya tunda. Mdomo urudi ndani kidogo, usiwe umetanuka, la sivyo shira humwagika bakuli likipitishwa. Mguu ni mapambo, ndiyo, lakini una kazi: hulinyanyua bakuli juu ya sahani nyingine, na mwanga hupita chini ya shira. Liwe la kioo kisicho na rangi au kauri nyeupe ndani. Peasi ndani ya bakuli la kahawia halionekani. Shaba na alumini hapana, kwa sababu ileile ya sufuria.

Nyumbani tuna bakuli la kioo lenye mguu lililotoka kwa bibi, limechongwa kama maua. Yalikuwa mawili. La pili nililipasua mimi mkesha wa Idi, kwa kumwaga shira ya moto kwenye kioo kilichotoka kabatini kikiwa baridi. Lilitoa mlio mmoja likagawanyika. Mpaka leo shira haiingii kwenye kioo kwetu kabla sijaweka kiganja chini ya sufuria nikaona haina joto.

Asiye na bakuli la mguu asinunue kwa haraka. Bakuli la kina juu ya kisahani lafanya kazi yote, na kisahani hudaka matone yasifike kwenye kitambaa.

Mezani

Bakuli kubwa likae katikati likiwa baridi, limetoka kwenye friji robo saa kabla ya wageni, kwani ubaridi mkali huzima harufu. Mapeasi mazima yasimame, vikonyo juu. Nusunusu zilale zikitazama chini, mgongo juu, unang'aa. Viungo vilivyopikiwa vitolewe, isipokuwa kijiti kimoja cha mdalasini kwa uzuri. Pembeni kuwe na upawa mdogo wenye kina, si kijiko bapa, na kama kuna plamu au pichi zenye kokwa, weka kibakuli kitupu ili mgeni asihangaike na kokwa mkononi.

Kila mtu apate kibakuli kidogo: tunda kwanza, kisha shira miiko miwili. Mkubwa au mgeni apakuliwe kabla ya wengine. Mtindi mzito au kipande cha mkate wa kumimina vinakaa vizuri pembeni, hasa na nanasi, kwani mkate ule una iliki tayari na hunywa shira kama uliokuwa ukiingoja.

Shira itabaki, hubaki daima. Ichuje, iweke kwenye chupa. Vijiko vitatu kwa bilauri ya maji baridi na ndimu ni sharubati ya kesho, na ile ya mapera wawekee watoto kando kabla wakubwa hawajaimaliza.